Kisu cha babu na karatasi ya msasa: kwa nini kisu kidogo cha kukunja kinapendwa hivi?

 Leo siongei juu ya kazi, wala juu ya mbegu za mihogo kama munavyonizoea. Leo naongea juu ya kisu. Tena si kisu kikubwa. Ni kile kidogo cha kukunja, kinachoingia mfukoni, ambacho sisi tuliosoma Kifaransa tunakiita kanifi.

Najua kuko mmoja atasema: huyu mwana-agronomi amekosa la kuandika. Ngoja kwanza. Nilifanya kosa moja ambalo sipendi ninyi mulirudie, na lile kosa ndilo lilinifanya nianze kuuliza.

KOSA LENYEWE

Babu yetu alikuwa mkulima hapa Katogota, kwenye bonde la Ruzizi, toka enzi za pamba. Aliacha vitu vichache: jembe, redio iliyokufa, na kisu cha kukunja chenye mpini wa mbao. Kwenye ule mpini kulikuwa nyota ndogo na mwezi mwembamba wa bati. Babu alipofariki, kisu kikabaki ndani ya kopo la maziwa pamoja na misumari. Siku niliporudi nyumbani na lisansi yangu, baba mudogo akakitoa, akanipa mbele ya watu: "Wewe njo mutu wa shamba mwenye kusoma. Chukua hii kisu."

Kilikuwa cheusi. Mahali pengine kijivu, pengine kama bluu, na vidoa vidogo vya kutu karibu na pete. Mimi nikakiona kichafu tu. Nikanunua karatasi ya msasa, nikakaa chini ya mwembe asubuhi nzima, nikasugua mpaka kikang'aa kama sahani mpya. Nikapiga picha, nikaituma kwenye grupe ya promosyo yetu. Nilitaka sifa, sitadanganya.

Mwenzetu mmoja anaishi Ufaransa. Kumbe huko anakusanya visu vya kukunja, vile vya zamani na vya bei ndogo. Akajibu mbio: "Picha nzuri. Kwenye ubapa kulikuwa kumeandikwa nini?"

Nikatazama. Hakukuwa kitu tena. Na nakumbuka vizuri kwamba kulikuwa kitu: mchoro mdogo na herufi chini yake. Nilidhani ni kutu imejichora. Nimesugua.

Hasara yake nilikuja kuielewa baadaye. Baba mudogo anasema babu alinunua kile kisu ng'ambo, katika mji uliokuwa unaitwa Usumbura, ambao leo ni Bujumbura, akiwa kijana asiyeoa bado. Shangazi anasema si hivyo: kisu cha ujana kilipotea, na hiki babu alikinunua kwenye soko la Uvira miaka ya 1990. Hawa wawili wamebishana juu ya jambo hili toka siku ya matanga. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye chuma, nami nimelifuta kwa karatasi ya franga chache.

MNYAMA WETU, KISU CHA WAJERUMANI

Yule mwenzetu alinitambulisha kisu kwa nyota na mwezi peke yake. Akasema hiki ni Okapi.

Mukisikia Okapi, wengi munawaza redio, ile iliyoanza mwaka 2002. Wengine munawaza mnyama mwenyewe, yule wa msitu wa Ituri, mwenye miguu ya mistari. Porini haishi nchi nyingine yoyote isipokuwa Kongo yetu. Wanasayansi wa Ulaya walimuandika kwenye vitabu vyao mwaka 1901. Habari ile ilivuma sana kule. Mwaka uliofuata, 1902, mafundi wa Solingen, mji wa Ujerumani unaojulikana kwa visu, wakaanza kutengeneza kisu cha kukunja cha kuuza katika makoloni ya Wajerumani huku Afrika. Wakakipa jina Okapi.

Sasa simama hapa Katogota, utazame mashariki, ng'ambo ya mto Ruzizi. Wakati ule, ng'ambo ile ilikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kisu chenye jina la mnyama wa upande wetu kilikuwa kinatengenezwa Ulaya kwa ajili ya soko la upande wa jirani zetu. Mwaka 1916 Wabelgiji wakawaondoa Wajerumani pale ng'ambo, lakini kisu hakikuondoka Afrika. Kiliendelea kutengenezwa Ujerumani mpaka mwaka 1988, ndipo kazi ikahamia Afrika Kusini.

Munaona sasa? Kama ubapa wa babu ungekuwa na alama ya Ujerumani, maneno ya baba mudogo yangekuwa na nguvu. Kama ungekuwa na alama ya Afrika Kusini, shangazi ameshinda, kwa sababu babu hangeweza kununua ujanani kisu kilichokuja kutengenezwa baada ya 1988. Mchoro mmoja mdogo kama ukucha ulikuwa cheti cha kuzaliwa cha kile kisu.

SABABU AMBAZO WAKUSANYAJI WANATOA

Nilimuuliza mwenzetu: kuko visu vya bei, vyenye pembe na dhahabu. Kwa nini unakusanya visu vya wakulima? Tuliandikiana juma nyingi. Nitawapa alichoniambia pamoja na nilichojifunza mwenyewe.

Sababu ya kwanza: kisu rahisi unakielewa chote. Mfano ambao wakusanyaji wanapenda kutoa ni Opinel. Mwaka 1890, katika milima ya Savoie huko Ufaransa, kijana wa miaka 18 anayeitwa Joseph Opinel alitengeneza kisu cha kukunja katika karakana ya baba yake. Ubapa, mpini wa mbao, ribiti na pete ya chuma inayokaza mbao isipasuke, basi. Mwaka 1897 kikawa na saizi 12 zenye namba, mtu achague kulingana na mkono wake na kazi yake. Pete ya pili, ile inayozunguka ili ubapa usijifunge juu ya vidole, ilikuja mwaka 1955. Zaidi ya pale, kile kisu kimebaki karibu vilevile.

Mtoto wa darasa la tatu anaweza kukichora na asisahau kitu. Linganisha na simu iliyo mkononi mwako. Ikizima, unaweza kusema ni sehemu gani imekufa? Kisu rahisi kikilegea, unagonga ribiti kwa nyundo. Mbao ya Opinel ikivimba kwa maji, ubapa unakwama ndani. Watu wa Savoie hawaendi kwa fundi: wanagonga kitako cha mpini juu ya meza, ncha inatoka, wanaivuta. Ile mbinu ina mpaka na jina lao.

Okapi nayo hivyohivyo. Ubapa, mpini, resori mgongoni, pete ya kuvuta unapotaka kukifunga, na vijino vinavyolia trrr kikifunguka. Wakubwa wetu walikuwa wanatambua nani amefika kwa ule mlio tu.

Sababu ya pili: chuma chake kinashika historia. Hapa niruhusuni nirudi kidogo kwenye somo la kemia. Kisu kisichoshika kutu, kile tunaita inoksi, ni chuma kilichochanganywa na kromu, asilimia 10,5 au zaidi. Kromu inaweka ngozi nyembamba isiyoonekana juu ya chuma, na ngozi ile inazuia kutu. Visu vya zamani havina kromu ya kutosha. Ni chuma na kaboni kidogo, kwa kawaida isiyozidi asilimia moja. Kaboni ile inatosha kukifanya kiwe kigumu baada ya kuchomwa na kuzamishwa, lakini haikilindi.

Kwa hiyo kila unachokata kinaacha alama. Asidi ya embe, ya ndimu na ya kitunguu inakifanya kijivu, mara nyingine kama bluu. Tanini ya ndizi mbichi inakifanya cheusi kabisa. Mama zetu wanajua hili bila kusoma: ukimenya ndizi mbichi, kisu na vidole vyote vinakuwa vyeusi. Sasa sikilizeni vizuri, juu ndipo nilipokosea. Weusi ule si sawa na kutu nyekundu. Kutu nyekundu inavimba, inabomoka, na kuacha chuma kipya wazi ili nacho kiliwe. Ile ngozi nyeusi inashikamana na chuma, na inapunguza kasi ya kutu. Hailindi kama kromu, lakini inasaidia. Babu alikuwa amemaliza miaka mingi akikata ndizi, embe na kamba za magunia, na ile kazi yote ilikuwa imekuwa koti la kisu chake. Mimi nikalivua nikidhani nasafisha.

Na kuko alama nyingine ambayo msasa haukuweza kuifuta: umbo. Ubapa wa babu umekuwa mwembamba sana katikati, umekatika kiuno kama nyigu. Hiyo inatoka kwenye jiwe la kunolea, kila juma, mahali palepale, kwa mkono uleule. Mkusanyaji akiona kisu kama kile, hasemi kimezeeka. Anasema kilikuwa na mwenyewe.

Sababu ya tatu: vitu vidogo vinasema tarehe. Opinel yenye pete ya kuzunguka, kama haijabadilishwa na mtu, haiwezi kuwa ya kabla ya 1955. Okapi ya Ujerumani ni ya kabla ya 1988. Herufi moja, mchoro mmoja, aina moja ya mbao, na mtu anaanza kuhesabu miaka. Ni kama sisi tunavyotazama jani la muhogo na kusema ugonjwa umeingia lini. Wanaopenda mchezo huu hawahitaji utajiri. Wanahitaji jicho.

Sababu ya nne, na ninyi wanafunzi mutaipenda: bei. Saa ya zamani au gari la zamani ni ya watu wenye mali. Kisu rahisi kilitengenezwa ili mkulima akinunue, na mpaka leo nyingi zinabaki ndani ya uwezo wa mtu wa kawaida. Mwenzetu alianza kukusanya akiwa bado mwanafunzi, kwa pesa ya kuosha vyombo katika restora.

LAKINI KISU KINAOGOPESHA

Siwezi kuandika juu ya kisu kutoka Katogota nikajifanya sijui tuko wapi. Hapa tunakumbuka wafu wetu wa Mei 2000. Kuko wazee ambao ukitoa chuma chochote mbele yao wanageuza macho, na wana haki. Mimi mwenyewe, kwenye bariere moja, nilitakiwa nieleze kisu cha mfukoni ni cha nini. Vijiti vya mihogo nilivyokuwa nimebeba ndivyo viliniokoa.

Si sisi peke yetu. Huko Japani kuko kisu kinachoitwa higonokami, kimetoka katika mji wa Miki toka miaka ya 1890. Mpini wake ni bati lililokunjwa tu, na ubapa una kimkia kidogo cha kusukuma kwa kidole gumba. Kilikuwa kisu cha watoto wa shule cha kuchongea penseli. Mwaka 1960 mwanasiasa Asanuma Inejiro aliuawa jukwaani kwa upanga mfupi mbele ya kamera. Haikuwa higonokami, lakini nchi nzima ikaogopa visu, ikaanza kampeni ya kuviondoa mikononi mwa watoto. Karakana zikafungwa moja baada ya nyingine. Leo karakana moja tu pale Miki ndiyo ina haki ya lile jina, na wakusanyaji wa dunia nzima wanaitafuta.

Na ndani ya Kongo yetu kuko kisa ninachokipenda zaidi, ingawa si cha kisu cha kukunja. Wakuba wa Kasai wanasimulia kwamba mfalme wao Shyaam, wa karne ya 17, alikataza kisu cha kurusha cha vita, kinachoitwa shongo. Mahali pake akaleta ikul, kisu ambacho mtu anakivaa kiunoni kama pambo la amani. Wahenga wale walielewa kwamba chuma ni kilekile, na kwamba mtu anaweza kuamua atakibeba kwa ajili ya nini.

Kisu rahisi cha kukunja kiko upande wa kazi. Ubapa wake ni mfupi, na kinapokaa mfukoni makali yamelala ndani ya mpini. Pamoja na hayo, nashauri: ukisafiri, kiweke ndani ya mfuko wa vifaa vya kazi, usikiweke kiunoni. Heshimu woga wa watu.

KISU CHA ZAMANI HAKIFAI KILA KAZI

Niwe mkweli pia kama mtu wa kilimo. Kuko wanaosifu kila cha zamani mpaka wanadanganya. Mnyauko wa migomba unaotoka kwa bakteria, ambao umeharibu mashamba mengi ya Kivu, unahamishwa na visu na mapanga yetu. Ukikata mgomba mgonjwa, kisha ukakata mzima bila kusafisha chuma, wewe mwenyewe umepeleka ugonjwa. Kisu lazima kipite kwenye moto au ndani ya maji ya javeli kabla ya kila mgomba. Javeli inakula chuma kisicho na kromu. Na kisu cha kukunja kina tundu ambamo utomvu unajificha.

Kwa hiyo kwenye migomba natumia kisu cha inoksi kisichokunjwa, tena cha bei ya chini. Cha babu nakitumia kwa embe, kwa kamba, na kwa kuchonga vijiti vya kuandika majina ya mbegu. Wakusanyaji wazuri hawapendi kisu cha zamani kwa sababu eti kinashinda cha kisasa. Wanakipenda kwa sababu kinaonyesha jinsi mtu fulani, mahali fulani, alivyomaliza shida yake kwa vitu vichache.

NA VYA KWETU NANI ATAVIKUSANYA?

Hapa ndipo naumia. Tervuren, Ubelgiji, kuko jumba la makumbusho lililojaa vitu vya Kongo toka enzi za Leopold wa pili, na visu vyetu vimo. Mara nyingi unasoma kabila, unasoma mkoa, lakini jina la mhunzi halimo. Aliyekusanya hakuuliza, au aliuliza na hakuona faida ya kuandika. Joseph Opinel tunamjua mpaka umri aliokuwa nao. Mhunzi wetu aliyefanya kazi ngumu kuliko ile amebaki bila jina.

Na leo sisi tunarudia vilevile. Wahunzi wetu bado wanachukua resori za kamyo zilizokufa, wanazichoma, wanazipiga, wanatoa visu na mundu za mpunga. Resori ya kamyo ni chuma kizuri chenye kaboni, mafundi wanajua hilo bila maabara. Ni wangapi kati yetu tunajua jina la aliyepiga kisu kilicho jikoni mwa mama? Si lazima tungoje mtu kutoka mbali aje aone thamani yake ndipo na sisi tuione.

Kama kuko kisu cha mzee nyumbani kwenu, fanyeni hivi:

Kwanza, usikiguse na msasa. Piga picha pande zote mbili kwenye mwanga wa asubuhi, jua likiwa chini, juu ndipo michoro hafifu inaonekana. Tafuta herufi karibu na ribiti.

Pili, kifute kwa kitambaa kikavu. Mahali penye kutu nyekundu, weka tone la mafuta mepesi, kama yale ya cherehani, yakae usiku mzima, kisha usugue polepole kwa kitambaa. Weusi uuache. Kisu ambacho bado kinakata chakula, kioshe vizuri na ukikaushe kabla ya kukitumia.

Tatu, uliza wazee sasa, na si kesho. Kilinunuliwa wapi, na nani, kwa kazi gani? Wakipingana, andika yote mawili.

Nne, andika na jina la fundi kama anajulikana. Kisu bila habari ni kipande cha chuma. Hata muuzaji wa vyuma chakavu anajua bei yake.

Mimi nimefanya hatua ya tatu nikiwa nimechelewa kwenye ya kwanza. Jumapili moja nilimketisha baba mudogo na shangazi pamoja, nikaweka kisu katikati, nikafungua kaye. Walibishana mpaka chakula kikapoa. Nikaandika Usumbura, nikaandika Uvira. Kisha shangazi akakichukua, akakifungua, trrr, akamenya embe, akamkatia kaka yake kipande. Hakuna aliyeshinda.

Baada ya majuma machache ya maembe, ubapa umeanza tena kuwa kijivu karibu na ncha. Mchoro hautarudi, najua. Ila kwenye kaye sasa kuko kurasa 4 za habari za babu ambazo hazikuwa mahali popote. Ninyi ambao bado muna mchoro, nendeni mukautazame leo jioni kabla hamujanunua msasa.